Mechi ya Tatu, Wajir

Nilikwenda Wajir kwa sababu ya mpira. Nasema hivyo mapema kwa kuwa wengi wenu huko Werugha, mliposikia nimepita barabara ile katikati ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, mlidhani nimetumwa na serikali, na mama yangu alikuwa amekwisha kuniombea kanisani kama mtu aliyepelekwa vitani. Sikutumwa. Nilijiandikisha mwenyewe, nikamsumbua daktari mkuu siku nne mpaka akachoka akaniruhusu, na sababu ilikuwa moja tu: timu ya Garissa ilikuwa imeshinda mechi moja, timu ya Wajir imeshinda moja, na ya tatu ndiyo ingeamua kikombe kinakaa wapi.

Wakati huo nilikuwa dresa katika hospitali ya Garissa, nikifunga vidonda na kugawa kwinini. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Barabara za kwenda kaskazini na mashariki zilikuwa zimefungwa kwa raia. Mtu alipita kwa barua ya ruhusa tu, ndani ya msafara wa magari ya jeshi, na msafara wenyewe ungeweza kukaa miezi bila kuondoka. Saa kumi na mbili jioni kafyu ilianza na mji ukanyamaza. Sisi tuliotoka bara tulizungumza kila siku habari za kurudi makwetu. Wasomali wa mjini, ambao kwao ni hapo hapo, walizungumza habari za ndugu zao waliokuwa mwendo wa siku mbili tu na wasiweze kuwafikia. Kilichotukusanya pamoja ni mpira. Golikipa wetu, Farah, alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa ng'ombe. Nahodha wetu, Mutua, alikuwa askari wa magereza kutoka Machakos. Na uwanja ulikuwa mchanga mtupu, mpira ukidunda mara moja unalala.

Kwa shida ya barabara, wakubwa wa wilaya mbili walikubaliana hivi: Wajir watakuja Garissa na msafara, wacheze mechi mbili katika wiki moja. Timu moja ikishinda zote, kikombe ni chake. Zikigawana, mechi ya tatu itachezewa Wajir safari ya msafara unaofuata. Alhamisi tulishinda mabao mawili kwa moja. Kuanzia hapo mpaka Jumapili sikula vizuri. Hospitalini wagonjwa wenyewe waliniuliza, "Dresa, tutachukua?" nami nikawajibu kwamba tutachukua.

Jumapili, katika mechi ya pili, nilisimama karibu na Mama Halima. Huyu, ambaye Halima lilikuwa jina lake mwenyewe, alikuwa mama wa Kisomali wa makamo, mrefu, mwenye kibanda cha chai kando ya uwanja. Ndiye aliyeipikia timu na kufua jezi zake, na wachezaji wote, wa bara na wa mjini, walikuwa kama wanawe. Zikiwa zimebaki dakika chache, Wajir walipata bao. Uwanja mzima ukafa ganzi. Ndipo nikasikia, hapo ubavuni kwangu, sauti ya chini ikisema, "Alhamdulillahi."

Nilimgeukia. "Mama Halima, umesema nini?"

"Umesikia."

"Tumefungwa, nawe unamshukuru Mungu?"

Aliinama akaokota vikombe vyake. Mechi iliisha hivyo hivyo, bao moja kwa bila. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo leo naona haya kuisimulia, nikakaa siku tatu bila kunywa chai yake. Siku ya nne aliniita mwenyewe nilipokuwa nikipita.

"Dresa, kaa. Wewe umenikasirikia sababu ya mbira." Mpira kwake ulikuwa *mbira*, na vita vilikuwa *fita*, ndivyo Kiswahili kilivyomtoka. "Mimi nilishukuru Mungu, ndiyo. Sasa kuna mechi ya tatu. Mechi ya tatu iko Wajir. Mtoto yangu iko Wajir."

Akanieleza. Binti yake wa pekee, Sahra, aliolewa Wajir muda mfupi kabla ya barabara kufungwa. Mama aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mara nyingi hata makarani wakamjua kwa jina, na kila mara jibu lilikuwa subiri.

"Miaka tatu sijaona yeye. Amezaa, dereva ya jeshi aliniambia. Nikauliza, kijana au msichana? Dereva hajui. Aliona mtoto, hakuuliza." Akatikisa kichwa. "Wanaume!"

"Lakini ungeomba Mungu afungue barabara, Mama, si timu yetu ifungwe."

"Hiyo niliomba miaka tatu," alisema. "Hii ya mbira imejibiwa siku moja."

Wajir walirudi kwao, na msafara uliofuata ulipangwa kuondoka Ijumaa moja asubuhi. Mashabiki kumi na wanne tuliruhusiwa, na mimi nikaandikwa kama mtu wa huduma ya kwanza. Mama Halima aliandikwa kama mpishi. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini askari alishusha mzigo wa Mama Halima tu, akaufungua mchangani mbele yetu sote. Ndani kulikuwa na kilo chache za sukari, buni, kofia ndogo iliyofumwa kwa uzi mweupe, na gauni dogo jekundu.

"Ni ya nani kofia hii?" askari akauliza.

"Ya mjukuu."

"Na gauni?"

"Ya mjukuu."

"Wajukuu wawili?"

"Mmoja. Sijui ni gani."

Askari alimtazama, akavirudisha vitu vile ndani ya mzigo bila kuuliza tena. Mutua, nahodha, aliyekuwa ameketi nami juu ya lori, alininong'oneza, "Sikia Dresa, mimi nampenda huyu mama, chai yake nimekunywa mwaka mzima. Lakini huko tunakokwenda ni kwao. Hujui nani anamjua nani." Ningesema kwamba nilimlaumu, lakini ukweli ni kwamba wazo kama hilo lilikuwa limenipitia na mimi.

Njiani kwenda Dadaab tulikuwa magari saba, lori letu la nne. Nchi ile ni tambarare hata macho yanachoka. Mchanga mwekundu, miiba ya kijivu, swala wenye shingo ndefu wamesimama kwa miguu ya nyuma wakila majani. Kwetu Taita ukitazama popote macho yanakutana na mlima. Hapa yanakwenda tu mpaka yanaishiwa. Kila baada ya mwendo mfupi tulisimama, askari wakashuka wakatangulia kwa miguu, wakichoma mchanga kwa fito za chuma kutafuta mabomu. Tulipita mahali watu walipokuwa wamekusanywa na serikali ndani ya ua wa miiba, vibanda vyao vimebanana, na nje ya ua mifupa ya ng'ombe imeparara. Watoto walitoka kututazama. Farah, golikipa wetu, aliwapungia mkono, wachache wakampungia.

Jioni tulifika Dadaab, kituo cha polisi, maduka mawili matatu na visima. Mama Halima alipika wali na nyama ya mbuzi kabla jua halijazama. Tulipokuwa tukila, mabishano ya mpira yakaanza: nani amkabe winga wao wa kushoto, Mutua apande mbele au abaki nyuma. Kila shabiki alikuwa kocha. Nilimsikia Mama Halima akimwambia Farah kwa Kisomali maneno mengi, naye akicheka, kisha Farah akatutafsiria: "Anasema nisiruke mapema. Anasema Jumapili ile niliruka mapema."

"Basi sasa unataka tushinde?" nikamwuliza mama.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Mimi ni Garissa, Dresa. Nilitaka kufika tu."

Jumamosi, baina ya Dadaab na Habaswein, gari la mbele lilisimama na halikuondoka. Askari walikuwa wameona mchanga uliochimbuliwa. Tulishushwa, tukalazwa kifudifudi pembeni ya barabara chini ya jua la saa sita, na pale tukakaa mpaka saa tisa. Nilisikia moyo wangu ukigonga ardhi. Niliwaza juu ya Wakesho, mke wangu, niliyemwacha Werugha, na jinsi barua yangu ya mwisho kwake ilivyokuwa kurasa tatu, mbili zikiwa za mpira. Upande wangu wa kushoto Mutua alikuwa akisali kwa Kikamba. Upande wa kulia Mama Halima alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea, kidole kikisogea juu ya ushanga wa tasbihi. Mwishowe askari walifukua sufuria kuukuu, basi. Hakuna aliyecheka. Habaswein tulifika giza likiingia. Maji ya huko yana chumvi na magadi, chai ilitoka na ladha ya sabuni, tukainywa yote.

Jumapili saa nane mchana Wajir ilionekana: mji mweupe, nyumba za mawe ya chokaa, ngome yenye bendera juu, punda wenye mapipa ya maji. Mechi ilikuwa saa kumi. Nilishusha pumzi nikadhani tabu imekwisha.

Kwenye lango la mji afisa mmoja wa usalama alipanda juu ya lori letu na karatasi. Alisema siku mbili nyuma kulikuwa na risasi karibu na visima. Kwa hiyo wageni hawataingia mjini. Tutakwenda moja kwa moja uwanjani, tutakaa upande wa mashariki. Watu wa Wajir watakaa upande wa magharibi. Askari watasimama katikati. Mizigo yote ibaki kwenye lori. Mechi ikiisha tutapanda magari turudi kulala kambi ya jeshi nje ya mji, na alfajiri tuondoke.

Mama Halima alisimama. "Afande, mtoto yangu iko hapa. Nyumba yake si mbali."

"Mama, ni amri."

"Dakika kumi."

"Mama, keti."

Aliketi. Sikuwahi kuona mtu akiketi namna ile, kama kitu kilichowekwa chini na mikono ya mwingine.

Saa kumi kasoro dakika chache, upande wa magharibi ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamekuja na watoto na miavuli, na vumbi jeupe lilikuwa limetanda juu yao. Mama Halima alitembea kandokando ya mstari wetu, juu na chini, mkono kwenye paji la uso, akitafuta. Kisha akasimama. Ng'ambo ya uwanja mwanamke kijana mwenye shela ya manjano alikuwa amesimama vile vile, mkono kwenye paji la uso. Mgongoni alikuwa na mtoto. Akainua mkono. Mama Halima akainua wake. Askari wakasogea hatua moja, wakaona hakuna zaidi, wakatulia.

Refa, mwalimu mmoja mpole wa shule ya Wajir, akapuliza filimbi.

Nimetazama mechi nyingi tangu siku ile, lakini hakuna iliyonitesa namna ile. Wajir walitufunga mapema, dakika ya kumi hivi, mpira wa kona ukampita Farah. Sisi mashabiki kumi na wanne tulipiga kelele za watu mia ili tusizamishwe. Kipindi cha pili tulibanwa, tukabana, mpira ukagonga mwamba wetu, ukagonga wao. Nilikuwa nimeshika sanduku la dawa kwa nguvu hata kucha zikaniuma. Zilipobaki dakika kama nane, Mutua alipanda kutoka nyuma, akakutana na krosi kwa kichwa, na nyavu zikacheza. Tulikumbatiana, tukaanguka, karani mmoja wa ardhi alilia waziwazi. Nilipoinuka nilimwona Mama Halima bado amesimama mahali pale pale. Alikuwa hatazami goli. Mwanamke wa manjano alikuwa amemgeuza mtoto mbele, akimwinua juu, na mama yake alikuwa amenyoosha shingo kama anayesoma herufi ndogo.

Mechi ikaisha bao moja kwa bao moja. Refa akatangaza nyongeza ya dakika thelathini, na kabla yake wachezaji wanywe maji katikati ya uwanja.

Kazi ya kupeleka maji ilikuwa yangu. Nilishika ndoo. Sijui wazo lilinijiaje. Nadhani halikunijia, mkono wangu ndio ulitenda. Nilimpa Mama Halima ile ndoo nikamwambia, "Wewe ndiwe mpishi. Wapelekee wanao maji."

Alinitazama, akaelewa. Akaenda. Nilimwona afisa akigeuka haraka, naye Mutua aliyekuwa ameketi chini katikati ya uwanja akaita kwa sauti kubwa, "Mwache aje! Ni mpishi wetu!" Ng'ambo nako kulikuwa na mtu mwenye akili, kwa maana wachezaji wa Wajir walianza kuita na kupunga mikono, na mwanamke wa manjano akatoka kwenye mstari wao na debe la maji, mtoto ubavuni.

Walikutana kwenye duara la katikati. "Hooyo!" ndilo neno pekee nililolisikia kutoka nilipokuwa: mama. Waliweka maji chini. Sikuona nyuso zao, kwa maana wachezaji ishirini na wawili, wa timu zote mbili, walikuwa wamesimama wakawazunguka, wakinywa maji polepole kuliko watu wowote waliopata kuwa na kiu. Afisa alipiga hatua kuingia uwanjani, akasita, akatazama saa yake, akabaki akiitazama. Refa naye alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Huenda zilikuwa dakika tano. Kisha filimbi ikalia, duara likafunguka, na kila mmoja akarudi upande wake na chombo chake.

Nyongeza haikutoa bao. Siku hizo mechi ikigoma hivyo, iliamuliwa kwa kurusha shilingi. Manahodha wawili waliitwa. Uwanja wote ulinyamaza, pande zote mbili, watu wa jembe na watu wa mifugo, askari nao. Mutua alichagua kichwa. Shilingi ilipanda ikimetameta, ikaanguka ndani ya vumbi, refa akainama juu yake kwa muda ulioniondoa pumzi. Watu wote wa uwanja ule waliitazama shilingi, isipokuwa wawili.

Ilikuwa kichwa.

Tulipewa kikombe. Watu wa Wajir walitupigia makofi, na hilo sitalisahau. Tulipokuwa tukisukumwa kwenye magari nilimwona Mutua akipanda lori kabla ya wote, akashuka na mzigo wa Mama Halima, akamkimbilia nahodha wa Wajir na kumwelekezea kidole kwenye shela ya manjano. Afisa alimpigia kelele. Mutua alijibu kwamba wanabadilishana zawadi za michezo. Lori lilipoanza kuondoka, kofia nyeupe na gauni jekundu vilikuwa vimeinuliwa vyote viwili juu ya vichwa vya watu, na bado hatukujua ni kipi kitavaliwa.

Kurudi kulituchukua siku mbili. Siku ya kwanza tuliimba. Siku ya pili hatukuimba sana. Kikombe kilizunguka kutoka paja hadi paja, na kilipofika kwa Mama Halima alikifuta vumbi kwa pembe ya shela yake akakipitisha. Wakati fulani Farah alisema, bila kumwambia yeyote, "Basi. Mechi zimekwisha." Ndipo nilipoelewa kwamba kikombe kupata mwenyewe kulikuwa kumetufungia barabara. Hakukuwa na mechi ya nne.

Garissa walitupokea kwenye kizuizi kwa ngoma na mabati, tukabebwa mabegani mpaka kwa mkuu wa wilaya. Mama Halima alishuka upande wa pili wa lori, akaenda kuwasha moto wake.

Kesho yake alasiri nilikwenda kibandani. Alinimiminia chai.

"Mama, mliongea nini?"

Alifikiri. "Miaka tatu nilikuwa naweka maneno ya kumwambia. Mengi. Nikifika, nikauliza, maji ya hapa ina chumvi? Akasema, ndiyo Hooyo, lakini tumezoea. Akauliza mguu yangu bado inauma. Nikasema kidogo. Nikashika mtoto. Ni msichana. Ananuka maziwa." Akachochea moto. "Sasa refa akabiga filimbi."

Akakaa akanitazama.

"Na wewe, mke yako iko wapi?"

"Kwetu. Taita."

"Barabara ya huko kuna fita?"

"Hakuna."

"Kuna ruhusa ya kuomba?"

"Ni likizo tu. Basi, halafu treni, halafu kupanda mlima."

"Mwisho umekwenda lini?"

Nilimwambia. Ilikuwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hakunikemea. Alishangaa tu, kwa dhati, kama mtu aliyeona chakula kimemwagwa, akauliza, "Kwa nini?"

Nilitafuta jibu. Kulikuwa na kazi, na nauli, na mechi, na kwamba Wakesho angalipo, na mlima hauhami. Nilikunywa chai yote nikilitafuta, na bado alikuwa ananisubiri, si kwa ukali, bali kwa kutaka kweli kujua.

Niliomba likizo asubuhi iliyofuata. Mlionipokea kituoni Voi mliniuliza habari za kikombe, nami nikaahidi kuwasimulia. Lakini kwanza nilipanda mlima. Nilimkuta Wakesho akianika mahindi uani. Aliinua uso, akaweka mkono juu ya paji kukinga jua, akatazama ni nani anakuja. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Garissa. Nilipomfikia nilimwuliza kama mvua imenyesha.